Jinsi ya kumfundisha mtoto mdogo kuogelea na kumlinda na maji, kuanzia ndoo ya nyumbani mpaka baharini

Nimekulia Tanga, bahari tunaiona tukitoka tu mlangoni, na bado wengi tuliokua pamoja mtaani hatukujua kuogelea, hasa sisi wasichana. Watu wa umri wangu tumekua na hofu ya maji, meli ya MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 tukiwa wadogo tunasikiliza redioni na wazazi wetu wanalia, alafu 2011 ikaja meli ya Spice Islander kule mkondo wa Nungwi, Zanzibar, kwa hiyo kila nyumba neno lilikuwa moja, usisogee majini. Hakuna aliyesema njoo nikufundishe. Mi nimejifunza nikiwa na miaka 27, mama wa watoto wawili, na sasa kila Jumamosi nawafundisha wanangu na wa majirani, kwa hiyo haya naandika ni yale nayafanya kwa mikono yangu mwenyewe na nimeyafuatilia sana.

Shirika la Afya Duniani linasema watu kama 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Chini ya miaka 5 jamani, hao hawakufia kwenye meli, wengi wao wamefia karibu na nyumbani. Ndo maana mwongozo huu hauanzii kwenye bwawa.

Hatua ya 1: anza na maji ya nyumbani

Wazee walisema maji ya kifuu bahari ya chungu, na mtoto wa mwaka mmoja ndo huyo chungu. Mtoto wa dada yangu alikuwa na mwaka na miezi miwili, ameanza kutembea kwa kushikilia vitu, dada wa kazi alikuwa anadeki sebuleni akaitwa getini kupokea gesi, ndoo kaiacha katikati ya korido na maji hayafiki hata nusu. Bibi yao alikuwa amekaa palepale anachambua mchele. Kilichomshtua siyo kelele, ni kimya, maana mtoto alikuwa anaimba imba kisha akaacha, bibi kuinua macho anaona nyayo mbili ziko juu ya ndoo. Mungu mkubwa, alitolewa akiwa bado anapumua, akatapika maji akalia, ila mi zile nyayo bado naziona, na mwezi ule ule nilitafuta mwalimu wa kuogelea.

Ni kwamba mtoto mdogo kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, akichungulia kwenye ndoo anapinduka, na akishapinduka mikono yake haina nguvu ya kujisukuma kutoka, na ndoo ya lita 20 yenye maji haianguki ikamwokoa. Vidole viwili vitatu vya maji vinatosha kuziba pua na mdomo. Kwa hiyo zunguka nyumba yako leo hii, siyo kesho:

- ndoo na beseni zikishatumika zimwagwe na zifunikwe chini juu, usiache maji ya kufulia yanasubiri jioni
- diaba na mapipa ya akiba yawe na mfuniko unaobana, siyo kipande cha bati au mkeka, mtoto akiegemea anaingia nacho
- kisima cha ardhini kiwe na mfuniko wenye kufuli na ufunguo usikae hapo hapo
- shimo la choo au la karo lililochimbwa na fundi hajarudi, ziba kwa mbao nzito au weka uzio, mvua ikinyesha usiku mmoja tu linajaa
- mlango wa bafuni ufungwe, na mtoto anayeogeshwa kwenye beseni usimwache hata sekunde ya kuchukua taulo, mbebe hivyohivyo amelowa muende wote

Watoto wa mtaani kwenu wanajua mashimo ya kokoto na mchanga kuliko wewe, waulize wanaogelea wapi, watakwambia ukiuliza vizuri bila fimbo mkononi. Yale maji ya mashimo yanaonekana mafupi pembeni alafu hatua moja tu ardhi inakatika. Na masika mtoto asitumwe dukani peke yake kama njiani kuna mtaro mkubwa au korongo, maji ya goti la mtu mzima yanayokimbia yanamwangusha mtoto.

Hatua ya 2: mlinzi mmoja, na ajulikane

Hii kwangu ndo kubwa kuliko hata masomo yenyewe. Mkienda bwawani au ufukweni familia nzima, watu wazima mko nane, kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia, na mwisho hakuna anayeangalia. Sisi tuna kofia ya ukindu. Aliyevaa kofia ndo mlinzi, hashiki simu, hali nyama choma, hapigi stori, macho kwenye maji tu, na zamu ni dakika 15 maana zaidi ya hapo akili inachoka. Ukitaka kwenda chooni unamvisha mwenzako kofia kichwani na unamwambia kwa sauti, wako wanne, wawili ndani wawili ukingoni, na yeye anarudia. Watoto wenyewe siku hizi wanauliza, nani ana kofia? Kama hakuna, hawaingii.

Kwa mtoto ambaye bado hajui kuogelea, mlinzi wa pembeni hatoshi. Mtu mzima awe ndani ya maji naye, karibu kiasi kwamba akinyoosha mkono anamgusa. Yale maboya ya mkononi ya kupuliza upepo, na maboya ya umbo la bata na wanyama wengine, ni midoli, yanatoka, yanatoboka, na yanamzoesha mtoto kusimama wima majini wakati tunataka alale. Mi siyatumii kabisa.

Na ujue mtu anayezama haonekani kama kwenye sinema. Mtoto hapigi kelele kwa sababu mdomo wake unaibuka kidogo anavuta pumzi unazama tena, hana nafasi ya kuita, hapungi mkono kwa sababu mikono inajikandamiza juu ya maji bila yeye kupenda. Utaona kichwa kimerudi nyuma, mdomo wazi, nywele zimefunika macho hazitoi, mwili umesimama wima kama anapanda ngazi, na haendi popote. Inaweza kuisha ndani ya nusu dakika. Ukimwita na hajibu, usiite mara ya pili, ingia.

Mtoto mwenye kifafa awe na mtu wake peke yake muda wote, hata kwenye maji ya kiuno, na mwalimu aambiwe mapema.

Hatua ya 3: umri, mahali na mwalimu

Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema kuanzia mwaka 1 masomo yanaweza kusaidia na wakifika miaka 4 wengi wako tayari kujifunza kwa utaratibu, Shirika la Afya Duniani linasisitiza kuanzia miaka 6 watoto wote wafundishwe kuogelea na usalama wa majini. Kwa uzoefu wangu wa miaka 2 na 3 ni kuzoea tu, unaingia naye unamshika mnacheza, anayejifunza kweli ni wa 4 na kuendelea, ila wa miaka 8 aliyechelewa usimkatie tamaa, anashika haraka kuliko mdogo.

Bwawa liangalie kabla hujalipa. Simama ukingoni, kama huoni vizuri sakafu ya upande wa kina kirefu na lile tundu la kunyonyea maji, ondoka, maji ya ukungu yanaficha mtoto aliyezama. Muulize mhusika mwokoaji ni nani na yuko wapi saa hizi. Mwalimu muulize darasa lina watoto wangapi, wa miaka 4 kwa mwalimu mmoja wasizidi wanne watano, na muulize anaanza na nini. Akikwambia anaanza na kumtupa ili azoee, chukua mkono wa mwanao muende zenu. Kutupwa kunazalisha mtu wa miaka 40 asiyeweza kunawa uso bila kushtuka, ninao wengi wanaokuja kwangu.

Wasichana ndo wanakosa zaidi, na sababu mara nyingi ni mavazi na mwalimu mwanaume. Hili lina ufumbuzi, kule Nungwi mradi wa Panje umewafundisha wanawake wa hapohapo wakawa walimu, na wasichana wanaingia baharini na mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima na kichwa. Unaweza kushona kwa fundi kitambaa chepesi cha kubana kisichonyonya maji, usimwingize na dera au kanga iliyofungwa maana ikilowa inamfunga miguu. Na rangi iwe ya kuwaka, chungwa, njano, pinki kali. Bluu na kijani vinapotea majini, jaribu uone mwenyewe.

Hatua ya 4: wiki mbili za mwanzo, uso na pumzi

Nusu saa inatosha, akianza kutetemeka au midomo kubadilika rangi mtoe hata kama analia anataka kubaki. Anza upande ambao anasimama maji ya kifuani. Mwambie apulize mapovu kwa mdomo, kisha kwa pua, kisha uso mzima, kisha mzamane wote mtazamane chini ya maji. Wangu mdogo alianza nyumbani na bakuli la maji mezani, anapuliza kama anapooza uji, siku tatu tu bwawani hakuwa mgeni. Sheria nyingine anafundishwa siku hiyohiyo ya kwanza, kwamba haingii majini mpaka aombe na aambiwe ingia, kila siku, hata kama anajua kuogelea kama samaki.

Hatua ya 5: kuelea chali, na hapa usiwe na haraka

Wazazi wengi wanataka kuona mtoto anapiga mikono anavuka bwawa ili wapige video. Mi nasema mtoto anayevuka bwawa lakini akichoka hajui kulala chali bado hajui kuogelea. Anayeanguka kisimani au kutoka kwenye mtumbwi hahitaji spidi, anahitaji pumzi, na pumzi iko juu, uso ukitazama mbingu.

Simama nyuma ya kichwa chake. Kiganja kimoja kiwe chini ya kisogo, kingine chini ya mgongo kati ya mabega, mwambie alaze kichwa kwenye mkono wako kama mto. Kitakachogoma ni shingo, mtoto anainua kichwa atazame vidole vya miguu, na kichwa kikiinuka tu makalio yanazama na yeye anazama nayo. Masikio lazima yaingie majini, na hapo ndo penye hofu, kwa sababu sauti zinabadilika ghafla, anasikia moyo wake na kelele za bwawa zinakuwa mbali. Mwambie kabla haijatokea. Binti yangu nilimwambia utasikia kama uko ndani ya gamba la kombe, akalala, macho kayakaza, kucha zake zimeingia kwenye mkono wangu, nikaanza kuhesabu polepole moja, mbili, tatu, na kwenye saba nikaona vidole vyake vinafunguka kimoja kimoja. Tumbo juu, kifua kimejaa hewa, mikono pembeni kama msalaba, magoti yamelegea. Ukishaona vidole vimefunguka ndo unaanza kupunguza, unatoa mkono wa mgongoni kwanza, wa kisogo unabaki na vidole viwili, kisha kimoja, kisha unauteremsha chini kidogo bila kumdanganya, mwambie sasa nimeachia. Usimdanganye kabisa, ukimdanganya siku moja utatumia mwezi kurudisha imani.

Sisi hili lilituchukua Jumamosi sita, jirani yangu mtoto wake siku mbili. Wembamba wasio na mafuta miguu yao inazama kidogo, hiyo ni kawaida, ilimradi uso uko nje na anapumua.

Hatua ya 6: kugeuka na kurudi ukingoni

Akielea hesabu ya 20, mfundishe kutoka kifudifudi kwenda chali. Analala uso majini, anageuza kichwa na bega upande mmoja, mwili unafuata, anapumua. Rudia mpaka iwe mazoea kama kugeuka kitandani. Kisha mkalishe ukingoni, ajidondoshe, azame, aibuke, ageuke aelekee alikotoka, ashike ukingo, ajivute mwenyewe, kiwiko, kiwiko, tumbo, goti. Bila ngazi. Fanya mara kumi kila siku ya somo, ichoshe ila ifanyike, kwa sababu mtoto akianguka kwa bahati mbaya mara nyingi ukingo uko nyuma yake hatua moja tu na yeye anaogelea kwenda mbele, kwenye kina.

Baada ya hapo ndo mateke na kuvuta maji kwa mikono, hayo mwalimu yeyote mzuri atakufundishia, sitayarefusha.

Hatua ya 7: mtihani kabla ya kusema anajua

Mtu mzima akiwa naye ndani, kwenye maji yanayomfunika: aruke, aibuke, aelee au asimame majini dakika 1 nzima, azunguke duara kamili akitafuta pa kutokea, aende mita 25 kwa mtindo wowote, atoke bila ngazi. Akiweza, rudia siku nyingine akiwa na suruali na fulana, maana hakuna anayeanguka majini akiwa amevaa nguo ya kuogelea, na utashangaa aliyefaulu jana leo anashindwa, nguo zikilowa ni nzito. Akifaulu vyote kofia ya ukindu bado inavaliwa, kwa sababu anayejua anaweza kuumwa msuli, kujigonga kichwa au kushikwa na mwenzake.

Hatua ya 8: bahari na ziwa siyo bwawa

Kwenye pwani yetu maji yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti inaweza kukaribia mita 4. Maji yanapokupwa watoto wanafuata kombe na kaa mpaka kwenye fungu la mchanga mbali huko, alafu yanapoanza kujaa hayaji kwa mbele wakayaona, yanaingia kwanza kwenye bonde lililo nyuma yao kati ya fungu na nchi kavu. Wanageuka kurudi wanakuta maji ya shingo. Kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita, na katikati ya muda huo ndo yanapanda kwa kasi kuliko. Muulize mvuvi yeyote leo maji yanajaa saa ngapi, na watoto warudi nchi kavu maji yanapoanza tu kugeuka.

Mkondo ukimvuta mtoto kwenda nje asishindane nao, alale chali kama alivyofundishwa, ainue mkono mmoja, aite. Aliye na nguvu aogelee kufuata ufukwe kwanza, akitoka kwenye mkondo ndo aelekee nchi kavu.

Kwenu Mwanza, Musoma, Bukoba na Ukerewe, pembeni penye majani na konokono pana kichocho na sehemu nyingine pana mamba, kwa hiyo mtoto asifundishwe popote tu, waulize wenyeji na ukijua ameshaingia kwenye maji hayo apelekwe apimwe. Kwenye mtumbwi au boti avae jaketi la kuokolea la saizi yake, mkanda wa katikati ya miguu ufungwe. Lipime hivi, mnyanyue kwa mabega ya jaketi, likipanda mpaka masikioni ni kubwa, litamvuka majini.

Hatua ya 9: mwenzako akizama

Mara nyingine watoto wanazama wawili wawili, mmoja ameanguka na mwingine amemfuata kumwokoa. Wafundishe watoto kwamba kwenye maji ya kina hawaingii kumfuata mtu. Wapige kelele kwanza, watu waje. Walale kifudifudi ukingoni wanyooshe fimbo, upondo, kanga, tawi, na kama yuko mbali warushe dumu tupu lililofungwa kifuniko vizuri, la lita 5 linamshikilia mtoto, la lita 20 hata mtu mzima, likiwa na kamba ni bora zaidi. Sisi tunafanya mchezo, mmoja anajifanya anazama kwenye maji ya kiuno, mwingine anarusha dumu, anayelenga vizuri anashinda. Na popote tunapoenda dumu lenye kamba liko kwenye gari.

Hatua ya 10: umemtoa, hapumui

Usimning'inize miguu juu, usimzungushe, usimkamue tumbo ili maji yatoke. Nimeona watu wazima wenye nia njema wakifanya hivyo, na muda wote huo mtoto hana hewa, na akitapika matapishi yanarudi kwenye mapafu. Kinachomuua ni kukosa hewa, kwa hiyo mpe hewa.

Mlaze chali mahali pagumu. Inua kidevu kichwa kirudi nyuma kidogo, kwa mtoto mchanga kichwa kibaki sawa tu. Bana pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, mchanga funika mdomo na pua pamoja, mpulizie pumzi 5 taratibu ukiangalia kifua kinainuka. Kama bado hajibu na hapumui, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi ya karibu mara mbili kila sekunde, kifua kishuke theluthi moja, kiganja kimoja kwa mtoto, vidole gumba viwili kwa mchanga, mikono ikizunguka kifua chake, kisha pumzi 2, kisha 30 tena, usiache mpaka apumue au wafike wenye ujuzi. Mwenzako awe anapiga simu, kwa Tanzania 112, na zimamoto na uokoaji ni 114. Akitapika mgeuze ubavu, futa mdomo, endelea. Akianza kupumua mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa kanga kavu.

Na hospitali aende hata kama amekaa anakunywa chai anacheka, hasa kama anakohoa, anapumua haraka au ana usingizi usio wa kawaida, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumbana saa kadhaa baadaye. Mwambie daktari alikaa majini kama dakika ngapi, yalikuwa maji ya wapi, na kama mlimpulizia pumzi.